Gunia la nani? Siku yangu moja ya utafiti wa uzamivu

Saa 10:30 alfajiri. Morogoro bado giza, Uluguru haionekani hata kivuli chake. Nachomoa vishikwambi vitatu kwenye chaji, nahesabu madodoso ya karatasi ya akiba, nachemsha chai. Niko mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu katika uchumi kilimo, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Swali la tasnifu yangu ni hili: kwa nini mkulima auze mahindi Julai bei ikiwa chini, halafu Februari anunue unga kwa bei ya juu? Watu hujibu haraka: ada ya shule, deni la pembejeo, dumuzi wanaotoboa mahindi ghalani. Yote kweli. Mimi natafuta kila sababu ina uzito gani.

Saa 12. Tumeshika barabara ya Dodoma, mimi na wadadisi wawili. Tunapita Wami Sokoine, alipofariki Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Chuo chetu kilianzishwa mwaka huohuo kikabeba jina lake. Hapo huwa nanyamaza kidogo. Dumila tunakunja kushoto kuelekea Kilosa.

Saa 2. Ofisi ya mtendaji wa kijiji. Barua ya chuo, barua ya wilaya, kitabu cha wageni. Tumemaliza.

Saa 3. Kaya ya kwanza ni ya mzee mmoja na mkewe, wanapukuchua mahindi uani. "Shikamoo mzee, shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibuni mkeka." Nasoma maelezo ya ridhaa: anaweza kukataa, anaweza kuruka swali, jina lake halitaandikwa popote. Tunakwenda vizuri mpaka swali la 14: msimu uliopita uliuza magunia mangapi?

"Magunia ya nani?" akaniuliza.

Sikumwelewa. Mkewe akaweka gunzi chini, akanifafanulia taratibu kama anavyofafanuliwa mtoto. Gunia la nyumbani ni debe sita, linafungwa mdomo basi. Gunia la mnunuzi ni lumbesa: linajazwa mpaka juu, linaongezwa kichwa, halafu kichwa kinashonewa kamba kisianguke. Bei ni ya gunia, liwe lipi. "Sasa wewe unataka nikuhesabie lipi?"

Nimekaa na data za kaya kwa miaka mitatu. Nimezipitia zile za Utafiti wa Kitaifa wa Jopo (unaorudi kuhoji kaya zilezile) zilizoanza 2008/09 na kaya 3,265, safu kwa safu, na mauzo yameandikwa kwa kilo. Sijawahi kusimama nikauliza kilo zile zilitoka wapi, wakati mkulima hana mzani nyumbani. Huenda mtu alizidisha tu magunia kwa kilo 100. Nami dodoso langu lilikuwa linafanya hivyohivyo.

Saa 5. Nimeomba ruhusa ya kupima. Mzani wa kuning'iniza tumeuazima kwa jirani, vijana wawili wakashika mti. Gunia la debe sita: kilo 104. Lumbesa iliyokuwa ikisubiri gari kwa jirani huyohuyo: kilo 131. Nimerudia mara mbili, maana sikutaka kuamini mkono wangu. Tuseme yote mawili yameuzwa shilingi 60,000. La kwanza ni shilingi 577 kwa kilo, la pili 458. Kwenye dodoso langu yangekuwa bei moja.

Mzee aliangalia kishikwambi nilipokuwa napiga hesabu. "Kumbe inaandikika," akasema.

Saa 8. Kaya nne zaidi. Kila mahali sasa nauliza gunia lipi, na kila mahali jibu liko tayari, kana kwamba walikuwa wakisubiri kuulizwa. Wawili wamesema lumbesa hunenepa wakati wa mavuno, kila mtu anapotaka fedha, na hupungua mahindi yakiadimika.

Saa 12 jioni. Nimerudi, nimeoga, nimefungua kompyuta. Jambo hilo la mwisho ndilo lililonikosesha hamu ya kula. Darasani tunafundishwa kwamba kosa la kubahatisha katika kupima kigezo elezi, yaani kile tunachokitumia kueleza kingine, huvuta kadirio kuelekea sifuri: athari huonekana ndogo kuliko ilivyo. Ukilijua hilo, unajua umepunjika upande gani. Hili halibahatishi. Kama lumbesa inakua Julai na kusinyaa Februari, bei halisi ya mavuno iko chini kuliko tunavyoandika, na pengo kati ya miezi hiyo ni pana kuliko linavyoonekana kwenye majedwali. Mkulima anapunjwa kwenye bei, kisha anapunjwa kwenye kipimo, na sisi tunarekodi mara moja tu.

Saa 2 usiku. Nimempigia msimamizi wangu. Amesikiliza bila kunikatiza, kisha ameuliza kaya ngapi zimekwisha kuhojiwa kwa swali la zamani. Sitini na mbili. "Rudi," amesema. "Zote."

Saa 4. Swali la 14 limegawanyika kuwa matatu: gunia lipi, debe ngapi, na nani alilijaza. Nimewatumia wadadisi dodoso jipya. Dereva nimemwomba aje saa 11, tupitie mjini tununue mzani wetu wenyewe.