Kishada kilicholala
Pupa wa kwanza niliyemkosea jina (pupa ni mdudu katika hatua ya kati ya lava na mdudu kamili) alikuwa kwenye slaidi, juu ya tone moja la alkoholi lililokuwa likikauka. Alikuwa usubi wa majini asiyeuma, wa familia ya Chironomidae, urefu kama milimita 8. Kila upande wa kifua, nyuma tu ya kichwa, niliona pembe moja nyembamba, nyeupe, isiyo na matawi. Nikaandika kwenye lebo: Orthocladiinae, moja ya nusufamilia za usubi hao.

Mwenzangu mwenye uzoefu alimrudisha kwenye sahani ya kioo, akamimina alkoholi ya asilimia 70 mpaka ikamfunika, kisha akaisukuma ile pembe polepole kwa mkondo wa kidondoshi. Ikafumuka. Kumbe nilichokiona mrija kilikuwa kishada cha nyuzi nyingi, zilizogandamana kama nywele zilizolowa. Ndani ya kimiminika hutanuka. Kimiminika kikipungua huvutana na kulala kifuani. Tangu siku hiyo simtazami pupa ambaye hajazama kabisa.

Kishada cha namna hiyo ni alama ya Chironomini, kabila (kundi dogo) ndani ya nusufamilia ya Chironominae. Hakina tundu la hewa: oksijeni iliyoyeyuka majini hupenya kwenye ngozi nyembamba ya nyuzi. Tanypodinae, nusufamilia nyingine, wao wana pembe kama tarumbeta, na huogelea wazi hata watu huwadhania pupa wa mbu. Hapo tazama mkia. Mbu ana makasia mawili mapana yenye uti katikati. Tanypodinae ana ncha mbili zilizochongoka, kila moja na nywele mbili nene pembeni.

Mkia ungeniokoa hata mimi. Kwenye kona ya nyuma ya pingili ya 8 ya tumbo palikuwa na mwiba wa kahawia, ambao Orthocladiinae hawana kwa kawaida. Lakini mwiba peke yake hautoshi, maana Tanytarsini, kabila jingine la Chironominae, nao wana miiba kwenye kona hiyohiyo, ilhali pembe yao ni mrija mmoja tu.

Tuliipitia upya chupa nzima, pupa 31. Kumi na wanne walibadilishwa jina. Watatu hawakuwa na pembe kabisa: nilikuwa nimewabana kifuani kwa kibano badala ya kuwashika tumboni, zikakatika. Kwa kuwa miiba ilikuwepo, lebo zao ziliishia kwenye Chironominae, bila kabila.