Ladakh kwa gari: nilivyopanga safari kwa kuangalia tutalala wapi

Wakala wa kwanza niliyemwandikia kuhusu Ladakh, eneo la milima mirefu kaskazini mwa India, alinitumia ratiba aliyokwisha kuiandaa: usiku wa kwanza Manali, wa pili Sarchu, wa tatu Leh, mji mkuu wa Ladakh, halafu mbio za maziwani na kurudi. Kwenye ramani ilipendeza. Nikachukua kalamu nikaandika pembeni mwa kila kituo mwinuko wake kutoka usawa wa bahari. Manali ni kama mita 2,050, Sarchu inakaribia 4,300. Yaani aliyelala bondeni jana, leo alale juu kwa zaidi ya mita 2,200. Na niliyekuwa nasafiri naye ni mama yangu mdogo, mtu mzima mwenye presha.

Kanuni ya madaktari wa milimani ya kuepuka kuugua kwa hewa nyepesi ya juu si ngumu. Ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne rudia kulala palepale. Mchana unaweza kupanda juu zaidi, mradi usiku ushuke. Basi nikaweka kando kilomita na vivutio, nikaanza kupanga vitanda.

Kwanza tuligeuza mwelekeo. Tuliingilia Srinagar, mita 1,600 hivi, tutokee Manali. Barabara ya Srinagar hadi Leh ni kama kilomita 420 na hupita Zoji La ("la" ni njia ya kupita kati ya milima), mita 3,528, palipo na tope, korongo upande mmoja na malori yanayopishana kwa kugusana vioo. Lakini ukishapita pale unashuka tena, na Kargil tulipolala ni mita 2,700 tu. Kesho yake tungeweza kufika Leh jioni, ila niliikata safari Alchi, kwenye mita 3,100, kijiji chenye mahekalu ya Kibuddha yenye michoro ya ukutani ya karne nyingi. Wakala alinung'unika kwamba tunapoteza siku. Mama mdogo aliamka Alchi hana hata dalili ya kuumwa kichwa, nami sikumjibu wakala.

Leh, mita 3,500, tulipumzika tu. Ndipo nikashughulikia karatasi. Mgeni kutoka nje ya India anahitaji kibali cha kwenda bonde la Nubra na ziwa la Pangong, na hupewa kupitia wakala aliyesajiliwa. Ukijipeleka mwenyewe dirishani utarudishwa. Toa nakala nyingi, kwani kila kizuizi cha askari hubaki na moja. Jambo jingine linalowachanganya watu ni gari: teksi iliyokuleta kutoka Srinagar hairuhusiwi kukutembeza Ladakh, lazima uchukue ya hapo, kwa nauli zilizopangwa na chama cha madereva. Hivyo bei haina ubishi sana. Unachoweza kujadili ni njia na mahali pa kusimama, na hapo ndipo nilipokaa na dereva na karatasi yangu ya vitanda. Aliisoma, akacheka, akasema wageni wengi humwambia wanataka kuona nini, si walale wapi. Laini ya simu ya malipo ya kabla iliyosajiliwa jimbo jingine nayo haifanyi kazi kule, na fedha taslimu tulitoa Leh kabla ya kuondoka.

Nubra ndiyo ilikuwa ya kwanza, ingawa njia yake inapita Khardung La. Wengi huiogopa kwa sababu hiyo, lakini Hunder, penye vilima vya mchanga na ngamia wa nundu mbili, iko chini kuliko Leh. Kwa hiyo tulipanda, tukavuka, tukalala chini. Kwa miaka mingi mabango ya Khardung La yalidai mita 5,602. Vipimo vya setilaiti vinatoa 5,359, na kwa mapafu hiyo inatosha kabisa, maana oksijeni unayoipata kwa pumzi moja ni kama nusu ya ile ya pwani. Pakiti yetu ya biskuti ilivimba ikakaza kama mpira. Mama mdogo aliishika, akaniangalia.

"Mwanangu, mbona moyo unanienda mbio nami nimekaa tu?"

"Ni hapa tu, mama. Piga picha moja, tunashuka."

Alipiga mbili.

Kutoka Nubra tulifuata mto Shyok bila kurudi Leh. Pangong iko mita 4,225, na kulala kando ya ziwa ndicho kila mtu anachokitaka. Mimi nilikataa. Tulilala Tangtse, kijiji kilicho chini zaidi, tukaenda ziwani alfajiri kabla upepo haujaanza, tukakaa hadi maji yakabadilika kutoka kijivu hadi buluu. Kisha tukarudi Leh kwa Chang La.

Kufikia hapo miili ilikwisha zoea, na barabara ya Manali, yenye Tanglang La ya mita 5,328, haikututisha. Hata Sarchu tulilala vizuri. Kilichobaki kilikuwa maji: theluji huyeyuka kwa jua, vijito vinavyokata barabara hujaa mchana, asubuhi huwa na maji kidogo. Tuliondoka giza halijaisha. Kwenye kijito kimoja dereva alishuka, akarusha mawe akisikiliza yanavyotua, akachagua mstari wake na kupita polepole kwa gia ya kwanza. Baadaye handaki la Atal, kilomita 9, lililofunguliwa 2020, lilituepusha na Rohtang, njia nyingine ya juu milimani.

Kabla ya ndege ya Delhi niliacha siku ya akiba. Ilitumika yote: chini ya Manali udongo ulikuwa umeporomoka barabarani, tukangoja tingatinga, tukafika Delhi usiku wa kuamkia safari.