Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa Historia, Masaka

Saa kumi na moja na nusu alfajiri huwa nimekwisha kunywa chai ya rangi, na saa moja kasoro robo bodaboda hunishusha langoni mwa shule ninayofundisha Historia na Kiswahili. Gwaride na kipindi cha kidato cha kwanza hupita bila kisa. Wengi hudhani mwalimu wa Historia husoma tarehe tu, wanafunzi wakanakili. Laiti ingekuwa hivyo, nisingemaliza siku sauti imenikauka.

Saa tatu ni kidato cha tatu, wanafunzi 72, vipindi viwili mfululizo kuhusu vita vya Uganda na Tanzania vya 1978 na 1979. Umeme ulikatika jana, kwa hiyo nilinakili karatasi tisa kwa mkono, moja kwa kila kundi la wanane. Karatasi ina tangazo la Redio Uganda lililodai kwamba Tanzania ndiyo iliyovamia, na jingine la tarehe 1 Novemba 1978 lililojigamba kwamba majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda wakati huo, yameteka eneo la Kagera nchini Tanzania kwa dakika 25 na kwamba mto Kagera ndio mpaka mpya. Chini yake yamo maneno ya Nyerere ya siku iliyofuata, ambayo huyasoma kwa Kiswahili chake: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Mwisho, kila kundi huongeza simulizi ya mzee wa nyumbani kuhusu Februari 1979, mji wetu ulipopigwa mizinga na kutekwa.

"Mwalimu, mtihani utataka jibu lipi?" Swali hili sharti liulizwe. Kisha msichana wa kundi la nyuma akasema kwamba redio inajipinga yenyewe, kwa sababu aliyevamiwa hajisifu kwa kuongeza mipaka. Nilifurahi, ila sikuwaruhusu wamwache Nyerere bila kumhoji: naye alikuwa akiliandaa taifa kwa vita, hakuwa shahidi aliyesimama kando. Tukabishana pia kuhusu neno "bakombozi", ambalo Kiganda kimelichukua kutoka Kiswahili. Bibi mmoja huwaita hivyo askari waliotoka Tanzania, kisha kwa pumzi hiyohiyo hukumbuka nyumba yake iliyobomoka.

Saa sita, posho (ndivyo tuuitavyo ugali) na maharage mbele yangu, akaingia baba wa mwanafunzi mmoja.

"Mwalimu, mtoto aliondoka nyumbani akijua nani alianza vita. Amerudi hajui."

"Anajua, ssebo," yaani bwana, nikamjibu. "Sasa anaulizwa amejuaje."

Hakuketi. Alisema analipa karo ili mtoto afundishwe, si ili avurugwe. Kwamba yeye mwenyewe alikariri na akafaulu. Kwamba marehemu baba yake hakuwa mwongo hata kijana wake amlinganishe na redio ya Amin. Hilo la mwisho lilinigusa, nikamweleza kwamba kulinganisha si kutukana, nikarudia, nikarudia tena, mpaka posho ikawa ngumu kama chaki na kengele ikalia.

Alasiri siikumbuki vizuri. Kulikuwa na kipindi kingine, kikao, mvua.

Usiku, kwa mwanga wa taa ya sola, nilisahihisha madaftari. Mtoto wa baba yule alikuwa ameandika: "Babu hakudanganya, lakini alijificha migombani, kwa hiyo alisikia mizinga bila kuona nani anaipiga." Nilimpa nane kwa kumi, kwa kuwa hakutaja tarehe.