Sheria ya taka ianzie kwa fundi, isingoje jaa la Kachok

Hapa Kisumu ukiuliza mtu sheria ya mazingira ni gani atakutajia ile ya majuala, iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 na faini yake ya mpaka milioni 4 ama jela mpaka miaka 4. Sawa. Lakini kuna ingine ya 2022, ya usimamizi endelevu wa taka, na hiyo ndiyo imenishika, juu inasema mwenye kutengeneza bidhaa ama kuileta nchini abebe mzigo wake hata ikishakuwa taka. Miaka yote huo mzigo tumeuachia kaunti na wale vijana wanachambua taka Kachok mikono mitupu.

Shida yangu ni kwamba mazungumzo mengi nayasikia ni ya ada ya taka, nani atalipa na ngapi. Enda ukae kwa fundi wa simu pale Kibuye nusu saa tu. Simu inaletwa betri imefura, kioo kizima, spika iko sawa, kila kitu kinafanya, lakini betri imegandishwa na gundi, so fundi anapasha mgongo wa simu moto polepole, anaingiza kadi nyembamba pembeni, anasukuma huku ameshikilia pumzi maana akiitoboa hiyo betri ya lithiamu inaweza kuwaka moto palepale. Mwenye simu akisikia bei ya kazi na hatari yake anasema wacha ninunue ingine. Hivyo tu simu nzima imekuwa taka, na iliamuliwa hivyo kiwandani siku walichagua gundi badala ya skrubu! Hakuna ada ya mwisho itarudisha hiyo simu.

Ufaransa Januari 2021 ilianza kudai simu, laptopu na televisheni ziuzwe na alama ya 0 mpaka 10 kuonyesha zinatengenezeka kwa urahisi kiasi gani, mteja aone kabla hajalipa. Kwa nini sisi tusidai hivyo, na spea pia ziuzwe kwa fundi yeyote?

Na tunaweza kudai. Kifungu cha 42 cha Katiba kinatupa haki ya mazingira safi, halafu cha 70 kinasema unaweza kwenda kortini kuitetea bila kuonyesha kwamba kuna mtu ameumia ama amepata hasara. Yaani hata muuza mboga wa Kondele anaweza. Mimi natamani sana kuona kesi kama hiyo ikianzia hapa Kisumu, na iwe ya betri.