Aliyeloweka mchele wa vitumbua anakimbiaje?

Juzi kwenye shughuli moja Makorora, hapa Tanga, tumekaa uani tunachambua mchele, mama mmoja kaanza tena, "si yule aliyekimbia akaacha mtoto". Kasema kirahisi tu. Nikamuuliza shangazi, kakimbilia wapi? Arabuni. Nani kakwambia? Aah, watu wanasema. Nikanyamaza maana shughuli ya watu haiharibiwi, lakini nimerudi nyumbani roho imenichemka na ndo maana naandika. Nimechoka jamani. Mwaka wa nne huu unakwenda wa tano toka huyo dada wa mtaani kwetu apotee, na bado anahukumiwa na watu ambao hata siku moja hawakuinua mguu kwenda kumtafuta.

Jina lake silitaji, mamake kaniomba, kwasababu kila jina likipanda mtandaoni simu za matapeli zinaanza upya, nitafika huko. Watoto wa mtaani walikuwa wanamwita Anti Vitumbua, basi nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa na miaka 22, mtoto mmoja wa kiume ndo kwanza anashikashika ukuta atembee, bado ananyonya. Mume mvuvi, akienda dago, kambi ya wavuvi, anakaa huko wiki mbili tatu ndo arudi.

Sasa kwa ambao hawajawahi kuuza vitumbua niwaeleze kidogo, maana mimi ushahidi wangu wote uko hapa. Mchele wa vitumbua haulowekwi kwa bahati mbaya. Unaloweka mchana, usiku baada ya isha unausaga na tui zito na iliki, unatia hamira na sukari, unafunika uumuke mpaka alfajiri, saa kumi na moja mkaa uko tayari na karai lina moto. Ukishaloweka umeshajifunga, kesho yake ipo. Siku aliyotoka, mchele ulikuwa kwenye ndoo ya bluu umefunikwa sinia, nazi mbili zimeshafuliwa ziko juu ya mbuzi zinasubiri kukunwa, na pembeni mfuko wa iliki za shilingi mia tano haujafunguliwa. Nimeviona kwa macho yangu. Mchele ule ulikaa mpaka ukaanza kunuka, mamake akawa hataki umwagwe, tukaja kuumwaga sisi akiwa amelala.

Alafu kuna mchezo, ule wa kuchangiana hela. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, kila Ijumaa tunatoa, anayefikiwa na zamu anabeba. Zamu yake ilikuwa Ijumaa ya wiki ile ile. Alishasema atanunua jiko la gesi na kabati la kioo la kuwekea vitumbua visipigwe na vumbi. Yani wewe umechanga wiki zote hizo, umebakiza siku tatu uchukue mzigo wako, ndo ukimbie? Hata mwizi hafanyi hivyo. Muulize mwanamke yeyote wa Tanga anayecheza mchezo atakwambia.

Alitoka magharibi inakaribia. Kamwachia jirani mtoto, kasema "niangalizie mara moja, naenda kuchukua hela narudi". Dera la maua, mtandio, ndala za chooni. Kitambulisho cha NIDA kimebaki ndani ya begi la nguo za mtoto. Muuza chapati wa pale kona akamuona anapanda bodaboda kuelekea upande wa Nguvumali. Basi. Hapo ndo mwisho wa kuonekana kwake na hakuna mtu mwingine hata mmoja mpaka leo aliyesema kitu cha kueleweka.

Huyo mama wa Arabuni aniambie, pasi ya kusafiria alikuwa nayo wapi? Sisemi wasichana wetu hawaendi, wanaenda sana tu, Oman, Dubai, wengine wanapitishwa kwa mawakala wa ajabu ajabu, na huko wengine wananyang'anywa pasi na simu wakakaa mwaka mzima bila kusikika, Human Rights Watch waliandika ripoti nzima kuhusu hayo mambo mwaka 2017, na sheria ya kuzuia biashara haramu ya binadamu tunayo toka 2008. Lakini anayekwenda Arabuni anaaga. Anaaga hata kwa siri, mama mzazi anajua, anapikiwa, anasomewa dua. Haondoki na ndala za chooni matiti yamejaa maziwa.

Nisiwe muongo nikaelezea upande mmoja. Alikuwa na deni. Alichukua mkopo wa kausha damu, ile unapewa laki mbili unarejesha kila siku mpaka unasahau jina lako, na alikuwa amechelewa marejesho, walishakuja mara moja wakataka kubeba godoro. Na ni kweli wapo wanawake wanaokimbia kausha damu, nawajua mimi, mmoja tulisoma naye. Ila wale wanaondoka usiku na watoto wao na sufuria, na baada ya muda wanampigia mama na namba ngeni, "mama niko salama usimwambie mtu". Huyu kaacha mtoto ananyonya.

Ila hilo deni kwangu mimi ndo mlango. Alisema anaenda kuchukua hela. Kwa nani? Siku ile alikuwa anahitaji hela ya marejesho ya kesho yake na kuna mtu kamuahidi. Mtu huyo yupo. Anakula, analala, labda hata anasali msikiti mmoja na kaka zetu. Hilo ndo swali ambalo lilitakiwa liulizwe usiku ule ule, na halikuulizwa.

Tulienda kituo kimoja, sitaki kukitaja. Swali la kwanza alilouliza afande sio alivaa nini wala namba yake ya simu ni ipi. Kauliza "mumewe yuko wapi, na je hana bwana mwingine?" Mamake kainamisha kichwa. Tukaambiwa tusubiri saa 24, watu wazima huwa wanarudi wenyewe. Saa 24! Hebu fikiria mji wetu ulivyo. Stendi ya Kange basi linaenda Dar linageuza na siku haijaisha. Horohoro ni kilomita 65 tu za lami, ukivuka mpaka umeshaingia Lunga Lunga na Mombasa inakunukia. Baharini ndo usiseme. Kwa saa 24 mtu aliyechukuliwa kwa nguvu anaweza kuwa nchi nyingine kabisa, na sisi tumekaa kwenye benchi tunaulizwa habari za mabwana.

RB, yaani namba ya taarifa yetu polisi, tuliipata kesho yake. Na niseme ukweli, kwenye dawati la jinsia tulimkuta askari mmoja wa kike, yule dada Mungu ampe umri, aliandika kila kitu, akaja mpaka nyumbani, akaiona ile ndoo, yeye mwenyewe ndo alisema "huyu alikuwa anarudi". Mume naye aliitwa, akahojiwa, alikuwa dago na wenzake wanane wote wakasimama kusema. Simu ya Anti iliita mpaka kwenye saa nne usiku haipokelewi, baada ya hapo ikawa ni yule dada wa kwenye mashine tu, mteja unayempigia hapatikani. Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole sasa hivi, zile ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020, kwahiyo mtu wa mwisho kuongea na yeye ana jina na ana kidole kwenye kompyuta. Lakini kampuni ya simu haimpi mama mzazi hizo taarifa, sheria ya mawasiliano ya 2010 inalinda siri ya mteja, na mimi naelewa kwanini, nisingependa mtu aende kuchukua za kwangu. Inabidi ipitie polisi. Yule dada askari alisema anafuatilia. Akahamishwa. Aliyekuja baada yake ukimtajia anaanza kutafuta faili, na akilipata anakwambia "huyu si alikuwa na madeni?"

Ndo ujue neno kakimbia linafanya kazi gani. Likishasemwa, faili linafungwa kichwani hata kama kwenye kabati liko wazi. Mwenyekiti wa mtaa aliitisha watu mara moja tu tukazunguka, mapagala, mikoko, mochwari (huko sielezei), mara ya pili wakaja wanne. Mganga mmoja njia ya Pangani kasema kachukuliwa na jini wa baharini, akataka mbuzi mweusi, angalau yeye hakumtukana.

Sasa hao matapeli. Tulipost picha yake kila mahali, Facebook, magrupu ya WhatsApp, tukaweka namba ya mamake. Msije mkafanya hivyo. Ukipost mtu aliyepotea weka namba ya RB na namba ya kituo, na kama lazima uweke ya ndugu basi weka ya kijana mwenye roho ngumu. Bi mkubwa alianza kupigiwa siku ya pili. "Mama mwanao tunaye hapa Tunduma, anaumwa, hana nauli, tuma kwenye namba hii." Kuna mmoja alimuwekea hadi sauti ya mwanamke analia kwa nyuma. Akauza cherehani. Akatuma. Mwingine akapiga toka sijui Kahama, akatuma tena, na hata pale tulipomwambia mama hawa ni wezi alisema najua, lakini je kama ni yeye? Utamjibu nini mtu kama huyo.

Kuna jambo lingine linaniumiza sijui nilielezeje. Hakuna msiba. Mtu akifa tunajua la kufanya, wanaume makaburini, wanawake ndani, matanga yanakaa yanaanuliwa, arobaini inafika, hitima inasomwa, mtu analia mpaka analia tena lakini kuna ratiba. Huyu mama hana ratiba. Akisoma Yasini anaambiwa unamsomea mwanao kama maiti, asiposoma anaambiwa umesahau. Nilimuuliza ustadhi mmoja, mtu wa elimu, kaniambia vitabu vimezungumza sana kuhusu mume aliyepotea, mke afanyeje. Kwa Imam Malik anangoja miaka 4 alafu anakaa eda ya miezi 4 na siku 10, sisi Shafi tunashikilia mpaka kuwe na uhakika. Nikamuuliza na mke akipotea? Akacheka kidogo, sio kwa ubaya, kasema mume si anaoa mwingine. Na ndivyo ilivyokuwa, mwaka na kitu shemeji kaoa. Simlaumu sana, ni kijana, na hela ya mtoto analeta akipata samaki. Ila kuanzia ile harusi hakuna tena mtu upande wa pili anayeulizia.

Au niseme wanaulizia kitu kingine. Anti alikuwa ameanza kulipia kiwanja Pongwe kidogo kidogo, jina lake mwenyewe. Na sasa upande wa mume kuna mtu kasikia kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mtu asiposikika miaka 5 na wale ambao wangetegemewa kumsikia, mahakama inaweza kuchukulia kwamba amekufa, mpaka atokee mtu alete habari tofauti. Sheria sio mbaya, kuna watu inawasaidia kweli, ila mimi nashangaa tu, miaka yote hii alikuwa kakimbia, yuko Oman anakula maisha, leo inakaribia miaka 5 ghafla amekufa. Amueni moja. Kama yuko hai mtafuteni, kama amekufa basi kuna mtu kamuua na yeye atafutwe.

Mtoto anakaa na bibi yake, mwakani anaanza darasa la kwanza. Anamwita bibi "mama" na hakuna anayemsahihisha. Na ile namba ya simu ya Anti, kama mnavyojua laini isipotumika muda mrefu kampuni inaichukua inampa mtu mwingine, basi siku moja bi mkubwa kapiga kama anavyopigaga kila Ijumaa, ikaita. Ikapokelewa! Kijana wa Mwanza, fundi wa pikipiki, kanunua laini juzi tu. Yule mama alipiga kelele majirani tukajazana. Kijana wa watu alisikiliza yote mpaka mwisho, akasema pole mama, na siku hizi akiona ile namba anapokea, wanasalimiana, anamuuliza mjukuu hajambo.

Nirudi kwa bodaboda. Muuza chapati alimjua kwa sura, kijana mwembamba, pikipiki nyekundu yenye kibandiko cha Coastal Union nyuma ya kiti, kijiwe chake kilikuwa karibu na Mgandini. Polisi walipofika kijiweni, alikuwa ameshahama, wenzake wakasema kaenda Dar, Mbagala huko, anaendesha huko huko. Sisemi yeye ndo kafanya. Mimi nafikiri kaogopa tu, nani asiyeogopa. Kama unamjua, au kama unasoma hii na ni wewe, haina haja ya kuja Tanga wala kukaa mbele ya mtu yeyote. Nenda dawati la jinsia la kituo chochote kilicho karibu nawe, uwaambie ile jioni ulimshusha nyumba gani, na nani alitoka kumpokea.