Gauni jeusi la Anna Bilińska lilivyonitoa jasho

Kabla ya kuja Kraków, Poland, nilikuwa nachora vibao vya maduka Mwanza. Nyeusi kwangu ilikuwa kitu cha kopo: fungua, koroga, paka. Nilipoamua kunakili picha ya Anna Bilińska, mchoraji wa Kipoland, ile aliyojichora mwenyewe mwaka 1887, nilidhani uso ndio utakaonisumbua. Uso ulikubali siku ya tatu. Gauni lilinila wiki mbili.

Picha ni mali ya Makumbusho ya Taifa ya hapa mjini. Dada wa watu amekaa kitini, nywele zimetimka, paleti (kibao cha kuchanganyia rangi) na brashi mkononi, nyuma yake kitambaa kinachotundikwa nyuma ya mtu anayechorwa. Amevaa nyeusi kwa msiba: ndani ya miaka michache alifiwa na baba, mchumba na rafiki kipenzi. Na yuko ugenini Paris, anasoma Académie Julian, shule binafsi ya uchoraji, maana chuo cha sanaa cha serikali kilikuja kupokea wanawake mwaka 1897.

Gauni langu la kwanza nilipaka nyeusi ya tyubu, mikunjo nikaing'arisha kwa nyeupe. Likatoka kama jivu. Mkongo ninayekaa naye akalitazama, akauliza, "Ndugu, huyu mama ulimuvalisha turubai ya kamyo?" Kamyo kwao ni lori.

Nilinuna siku nzima. Kesho yake nikarudi makumbusho na daftari, nikafinya macho mpaka uso ukapotea, likabaki gauni tu. Kwa jicho langu, kivulini lilivuta hudhurungi. Penye mwanga lilipoa, likawa kijivu.

Basi nikalikwangua langu lote kwa kisu kabla halijakauka. Tyubu ya nyeusi nikaifungia kabatini. Nikachanganya buluu ya ultramarini na hudhurungi ya amba iliyochomwa, yaani rangi ya udongo: buluu ikizidi weusi unapoa, amba ikizidi unapata joto. Tabaka la kwanza jepesi, la tapentaini. Ya juu nikayaongezea mafuta ya kitani kidogo kidogo, kwa kuwa ukianza na mafuta mengi chini, rangi itakuja kupasuka. Kati ya tabaka na tabaka nilisubiri siku tano. Kwa fundi wa vibao, rangi isiyokauka jioni ni matusi, lakini nilivumilia.

Gauni sasa linavalika. Kilichobaki ni kidole gumba kinachoshika paleti. Nimekirudia mara nne, bado kinafanana na muhogo.