Deni la mafungu 14 ya mchicha

Kwa sisi wa rika langu, jembe la shule lilikuwa adhabu. Ukichelewa namba, unakwenda kung'oa visiki. Ukipiga kelele darasani, unabeba samadi. Najua Mwalimu Nyerere hakukusudia hivyo alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, waraka uliotaka kazi ya shamba iwe sehemu ya masomo, lakini huku kwetu ilifika ikiwa na fimbo mkononi. Kwa hiyo tulipopewa kiwanja kitupu nyuma ya kibanda changu cha cherehani, hapa Kihonda, Morogoro, na majirani wakasema tulime bustani ya mtaa pamoja na watoto, nilicheka. Mtoto gani ataacha katuni aje kushika jembe?

Na kweli tulianza vibaya. Tulitangaziana kwamba kila Jumamosi saa moja asubuhi mzazi aje na mtoto wake. Wiki ya kwanza walijaa. Wiki ya pili tulikuwa watu wazima wanne na mtoto mmoja, wa kwangu, tena kwa kuburutwa. Hatukuwa tumefikiri. Jumamosi asubuhi kuna walio madrasa, kuna walio tuisheni, na akina mama wengi wako kwenye mabeseni ya nguo. Jirani anayeuza vitumbua alinipasulia: "Fundi, hiyo saa moja yako mimi nina vitumbua motoni. Nije na chuma changu huko?" Tukahamia saa kumi na moja jioni, jua likishapoa. Hapo ndipo watu wakaanza kuja bila kuitwa.

Jambo la pili lililosaidia ni viroba. Tuliacha habari ya tuta la wote, kila mtoto akapewa kiroba chake: mfuko wa mchele uliojazwa udongo na samadi ya mbuzi, nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini, matundu ubavuni ya kuchomekea matembele. Matembele hayana makuu, unachomeka kipande cha shina na yenyewe yanashika. Juu mchicha, kwa sababu ndani ya wiki tatu au nne unakula, na mtoto hana subira ya muhogo. Nyanya tulijaribu, mdudu wa nyanya aitwaye kanitangaze akazimaliza. Faida pekee tuliyopata ni jina: kijana mmoja msema sana mpaka leo wenzake wanamwita Kanitangaze.

Sasa kuna binti wa darasa la pili anayelelewa na bibi yake. Mbegu za mchicha ni vijipunje vyeusi, vidogo mno, hivyo unazichanganya na mchanga ndipo unazinyunyiza. Nilimwonyesha vizuri tu. Nikageuka kukaza chandarua chakavu tulichozungushia bustani kuzuia kuku, kugeuka tena, kiganja kizima kimemwagwa sehemu moja. Zikaota zimebanana kama brashi ya viatu. Mikono iliniwasha kwenda kurekebisha, nikajikaza nikaacha.

Wiki ya pili akaja amemshika bibi mkono. Bibi huyo hakuwahi kukanyaga pale. Alidhani ni mradi, mambo ya watu wa kusaini karatasi. Akageuza ndoo akaikalia, akakusanya khanga katikati ya magoti, akaanza kung'oa mche mmoja mmoja, akipima nafasi kwa vidole viwili, mjukuu anafuatisha. Iliyong'olewa haikutupwa. Aliikung'uta udongo, akaifunga kwenye pindo la khanga. "Hii michanga ndiyo mitamu," akasema, akaondoka.

Kesho yake alirudi na mbegu za mgagani. Tangu hapo yeye ndiye bwana shamba wetu. Vidukari vilipovamia, aliwatwangisha watoto majani ya mwarobaini, yakalowekwa usiku kucha, yakachujwa, ikatiwa sabuni kidogo, wakanyunyizia. Sumu ya dukani aliikataa katakata, maana hawa wanachuma na kutafuna hapo hapo.

Kosa kubwa lilikuwa letu wakubwa. Siku moja watoto wako shule, tulivuna mchicha wao, tukafunga mafungu 14, tukauza Sh 300 kila moja. Sh 4,200 hiyo tukaongezea, tukanunua keni ya kumwagilia. Tulijiona wajanja. Jioni wakakuta viroba vimenyolewa. Hakuna aliyelia, ila walikaa kimya kwa namna iliyonifanya niinamie cherehani yangu. Kisha mmoja wa darasa la nne akauliza: "Shikamoo fundi. Hela ya mchicha wetu iko wapi?"

Keni haikumridhisha. Tukakubaliana kuwa mboga ya kiroba cha mtoto inakwenda nyumbani kwa mtoto, hata ikiwa majani matano. Hata wale wazazi niliowabembeleza miezi miwili walikuja wenyewe, baada ya kuletewa mboga jikoni na mtu wa miaka minane anayetaka ipikwe leo leo.

Huyo wa darasa la nne sasa anashika daftari la mavuno. Ukurasa wa kwanza kaandika kwa kalamu nyekundu: "Wakubwa wanadaiwa mafungu 14." Tumeshalipa tisa.